Kashe ya Luhanda

Wadogo zangu wa gishe,

Mliniomba niandike niliyoyaona kazini, na mmoja wenu akaongeza kwamba nisisahau historia ya timbre, yaani stempu za barua. Nimestaafu, muda ninao, mguu unaniuma, basi naandika. Lakini sitawadanganya, sikushika kalamu kwa ajili ya historia. Nimeishika kwa sababu kashe ya posta ya Luhanda, muhuri wake, iko ndani ya kabati la chuma hapo mjini mnapofanya kazi, na kuna mtu anaitumia. Nataka mjue imepita mikono ya nani, na nataka mjue ifanyiwe nini. Mkichoka kusoma njiani, mtasema Mama Posta amezeeka, na hilo nalo ni kweli.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Cheo nilikuwa nacho kimoja tu, na mshahara wa serikali kila mtu anajua ulikuwa unafika namna gani.

Wengi wenu Luhanda hamjafika. Ukitoka Mweso kuelekea Kalembe, kuna mahali barabara inapanda na ukungu unakaa mpaka jua likolee. Posta yetu ilikuwa nyumba ya matofali yenye chumba kimoja, gishe moja, yaani dirisha la kuhudumia watu, na sanduku jekundu ukutani ambalo kuku walipenda kulala juu yake. Mimi ni mtoto wa walima maharage wa hapo hapo. Waliniajiri kwa sababu nilikuwa na mwandiko safi, na pia kwa sababu kijana aliyepewa nafasi ile kabla yangu alikimbilia machimbo ya Walikale asirudi hata kuaga. Watu waliokuja kutuma barua waliuliza yule mwanaume yuko wapi. Niliwajibu kwamba anachimba, mimi njo ninauza timbre, na wakazoea.

Mkuu wa posta alikuwa Papa Bauma, mtu mfupi, mkavu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata wakati mkaa ulikuwa haupatikani. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa timbre hata moja. Alinipa kashe. Kwa wale ambao mmekuta kazi ya kuuza vocha za simu, kashe ni nyundo ndogo yenye mpini wa mti, na usoni ina duara la chuma. Kwenye duara kuna jina la posta, na katikati kuna vipande vya tarehe ambavyo unabadilisha kwa koleo ndogo kila asubuhi. Alinipigisha kwenye magazeti ya zamani mpaka kifundo cha mkono kikavimba. Ukipiga kwa hasira, wino unaruka. Ukipiga kwa woga, nusu ya jina inapotea. Alitaka mkono ushuke kwa uzito wake wenyewe.

Alikuwa na sheria mbili, na hakuzieleza mara nyingi. Ya kwanza, tarehe inabadilishwa kila asubuhi hata kama hakuna atakayekuja. Ya pili, kashe inapiga pale tu jina lake linaposema iko. Ukutani, juu ya msumari, alitundika kashe nyingine ya zamani, ya posta fulani iliyofungwa tangu enzi za wakoloni. Duara lake lilikuwa limesuguliwa kwa tupa mpaka jina likafutika, chuma kikabaki na mikwaruzo tu. Nilimwuliza kwa nini waliharibu kitu kizuri namna ile.

"Hii iliisha kufa," alisema. "Posta ikifungwa, jina unapiga tupa. Kashe yenye haina nyumba itaanza kusema uongo, na muntu atakuwa anaiamini."

Historia ya timbre niliisoma kwenye dirisha. Papa Bauma alikuwa amebandika timbre upande wa ndani wa ubao wa gishe, safu kwa safu, kwa hiyo kila tulipofungua kazi, historia nayo ilifunguka. Alipenda kuanza na ile ambayo hakuwa nayo. Ilikuwa ya kwanza duniani, alisema, ya Waingereza, nyeusi, kichwa cha malkia wao, haina meno pembeni, ukitaka moja unakata kwa makasi. Kabla ya hapo aliyelipa ni yule aliyepokea barua, na watu walikuwa wakiangalia bahasha kwa nje, wanaelewa mambo yako salama, wanairudisha bila kulipa. Timbre iliwekwa ili mtumaji alipe mbele. Sisi tulisoma somo hilo kinyume. Kwetu hadi leo anayetaka chake ndiye anatoa kitu kidogo, maharage ya watoto kama tunavyosema, na timbre haibandikwi.

Safu ya juu ya ubao ilikuwa na mitumbwi na michikichi ya wakati wa Wabelgiji. Chini yake yalikuwa maua, mazuri mno, halafu maua yale yale yamechapwa jina jipya la nchi kwa wino mzito juu ya jina la zamani, maana uhuru ulifika kabla ya karatasi. Kisha jina likabadilika tena, wino ukarudi tena. Kisha ikaja sura ya Mukubwa wa nchi, kofia na miwani, safu nzima, rangi tofauti, uso ule ule. Na mwishoni zikaja zile ambazo pesa ilipoanza kuoza zilichapwa bei mpya juu ya bei ya zamani, sifuri juu ya sifuri, mpaka uso wa mtu ukaonekana unachungulia nyuma ya hesabu.

Uso huo ndio uliomharibia Papa Bauma mkono.

Ilikuwa siku ya soko. Mtu mmoja wa chama cha Mukubwa alikuja kutuma bahasha zake, akaona kwenye meza barua ya mtu mwingine ambayo tulikuwa tumeshaipiga. Duara jeusi lilikuwa limekaa sawasawa juu ya macho ya Mukubwa. Aliuliza ni nani amempiga Mukubwa usoni. Papa Bauma alijibu kwa utulivu kwamba sheria ya posta inataka timbre ipigwe isitumike mara ya pili. Yule mtu alisema ataenda kumfundisha sheria. Walimchukua mbele ya watu wa soko, na hakuna aliyenyanyua sauti, mimi nikiwa wa kwanza kunyamaza. Aliporudi, mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na vidole viwili havikukunjwa tena mpaka alipokufa. Alikaa mezani, akachukua kashe kwa mkono wa kushoto.

"Kuanzia leo tunapiga ku pembe," alisema. "Mukubwa abakie na macho yake, siye tubakie na mikono yetu."

Ndivyo ulivyoanza mtindo wa Luhanda. Duara linagusa pembe tu ya timbre, kidogo kama mtu anayeonja chumvi, na jina pamoja na tarehe vinaangukia kwenye bahasha, vizima, vinasomeka. Kwa kuwa Papa Bauma alikuwa anajifunza upya kwa mkono wa kushoto, duara lake liliinama kidogo, na mimi niliyemwangalia nikainamisha langu vile vile. Mukubwa alipoondoka nchini, tuliendelea. Mkono uliozoea woga hauulizi kama mwenye kuogopwa bado yupo. Hata maua na ndege tuliwapiga pembeni kwa heshima ile ile.

Msidhani tulikuwa tunalia kila siku. Kulikuwa na mzee wa ng'ombe kutoka milima ya juu ambaye barua zake zilirudi kutoka mjini mara kwa mara na maandishi kwamba hazina timbre. Aliapa kwamba ameibandika. Siku moja tulifungua bahasha moja mbele yake, na kweli timbre ilikuwa ndani, imebandikwa vizuri chini ya sahihi yake. Alitueleza, bila haya, kwamba huko kwake mvua hainyamazi, na kitu chenye thamani hakiwekwi nje. Papa Bauma alicheka mpaka akashika meza. Baadaye nilifikiri mzee yule alikuwa ameielewa nchi kuliko sisi.

Vita vilipofika Luhanda, Papa Bauma alikuwa ameshastaafu na mimi nimekaa kwenye kiti chake. Tulikimbilia Mweso. Nilibeba mtoto, sufuria, na kashe. Posta iliporwa. Ubao wa dirisha, na safu zake zote, walioupasua waliupikia. Sijui walipika nini, ila natumaini hakikuiva.

Siku hizo Mweso hakukuwa na gishe. Watu wa Luhanda walianza kuniletea barua kambini, kwa sababu kuna dereva wa lori aliyekubali kuzifikisha mjini, lakini mjini hawakupokea bahasha bila kashe. Miongoni mwao alikuwa Mama Furaha, aliyekuwa akiuza maziwa sokoni kwetu kabla ng'ombe wake hawajachukuliwa. Kijana wake alikuwa anasoma Kisangani. Alikuwa ameambiwa Luhanda yote imekwisha, na Mama Furaha alikuwa na hofu moja tu, kwamba mtoto ataacha masomo aje kumtafuta porini, wamuue njiani. Barua yake ilikuwa fupi. Ilisema niko hai, baki huko.

Nilitoa kashe nipige. Papa Bauma, aliyekuwa amekaa nje ya hema letu, aliniuliza hapa ni wapi. Nilimwambia hapa ni Mweso, na anajua vizuri. Akauliza kashe inasema wapi.

Nilikasirika. Nilimwambia hii ni vita, hakuna atakayekuja kukagua, na mama wa watu anamlilia mtoto wake. Hakubishana. Alisema ana haki pia ya kwenda kuangalia nyumba yake, na kwamba wiki ile njia ilikuwa imetulia. Alichukua barua zote, akachukua kashe na kopo la wino.

"Barua ikisema Luhanda, ipitie Luhanda," alisema. "Batu hawana tena kitu cha kuamini, hata hii kidogo unataka kuharibu?"

Watu walisema ana wazimu. Mimi nilisema hivyo kwa sauti zaidi yao. Mzee wa umri ule, vidole viwili vya mti, anapanda mlima katikati ya watu wenye bunduki ili kupiga muhuri ndani ya nyumba isiyo na mlango. Sikulala vizuri mpaka aliporudi. Alirudi mvua ikinyesha, kifua wazi, anatetemeka. Shati lake alikuwa amelivua akafunga barua na kashe ndani yake. Barua zilikuwa kavu. Kila moja imepigwa pembeni, duara limeinama kidogo, jina zima, tarehe ya siku aliyokuwa amesimama pale. Aliniambia nyumba yake haina tena paa, na kwamba meza ya posta bado ipo.

Kifua kilimshika. Tulimpeleka hospitali ya Mweso, waganga walijitahidi, hakutoka. Nilizika mtu aliyenifundisha kazi, nikiwa bado nimemkasirikia. Dereva wa lori alifikisha barua. Baadaye jibu lilikuja kutoka Kisangani kwa mkono wa mtu, mtoto anasema amekaa, anasoma. Mama Furaha alikuja nalo hadi kwangu, na alisema maneno machache tu, kwamba barua ya Papa Bauma ilifika. Hasira ilinitoka siku hiyo. Tangu hapo sheria ya pili haikuwa tena ya Papa Bauma, ilikuwa yangu.

Miaka iliyotulia ilikuja, tukarudi, tukaezeka upya. Katika miaka hiyo alifika mzungu mmoja wa makamo, mpole, anakusanya timbre. Mmezoea kusikia kwamba watu hao ni wajinga wanaopenda vikaratasi. Si wajinga. Yule alijua timbre za nchi yetu kuliko mimi, na alinionyesha ambazo sijawahi kuziona: gorila, wachezaji wa mpira, vipepeo vya kung'aa, zote zina jina la nchi yetu, zote zimechapwa mbali kwa ajili ya watu kama yeye. Gishe ya Luhanda wakati huo ilikuwa haina timbre hata moja. Gorila wa Walikale alikuwa amefika Ulaya ana meno pande zote nne, na mimi jirani yake ndiyo kwanza namwona.

Aliniambia kwamba bahasha za Luhanda zinatafutwa sana na wakusanyaji, kwa sababu karani wa Luhanda hakuchafua picha, alipiga pembeni kwa adabu. Huko kwao walisema karani huyo alikuwa mtu wa kupenda uzuri. Nilimweleza habari ya vidole. Alisikiliza vizuri, macho yakamlowa, akaandika kila neno. Halafu akasema kwamba habari kama hiyo inaongeza thamani ya bahasha. Nadhani alitaka kunifurahisha.

Alikuwa amekuja na bahasha tupu zenye gorila. Nilizipiga, kwa sababu tulikuwa Luhanda na timbre zilikuwa halali. Kisha akaomba nirudishe tarehe nyuma, kwenye miaka ya vita, kwa sababu za miaka hiyo ni adimu. Nilikataa. Nilimweleza kwamba za miaka hiyo ni adimu kwa sababu yule aliyezipiga alikufa. Aliomba radhi, na naamini alikuwa mkweli. Lakini niliona kwamba jambo hilo watalitafuta, na kama si kwangu, watalitafuta kwa mwingine.

Nilipofika umri wa kuondoka, gishe yetu ilikuwa imefungwa kwa karatasi kutoka juu. Justin, ambaye ndiye wa mwisho niliyemfundisha na sasa yuko pamoja nanyi mjini, aliniambia nisirudishe kashe.

"Mama, bakia nayo. Kule mu mji watafanya nayo nini?"

Sheria inasema irudishwe, na mimi nimekula na kulala kwenye sheria. Nilipanda pikipiki nikaileta. Mkubwa aliyenipokea aliitupa kabatini juu ya nyingine. Nilimwomba aipige tupa mbele yangu, kwa sababu Luhanda imefungwa. Alitabasamu namna mnavyotabasamu ninyi wa mjini, akasema tutaangalia, Mama, rudia upumzike.

Nimepumzika. Vita vimerudi Luhanda, na sisi tumerudi Mweso, kwa njia ile ile, magodoro kichwani. Niko hapa naandika haya. Majuzi Justin alinitumia picha kwenye simu, na chini yake maneno kwamba Luhanda imefika mbali. Ilikuwa bahasha inayouzwa huko nje kwa wakusanyaji. Gorila, rangi nzuri. Kashe ya Luhanda pembeni, jina zima, tarehe inasomeka. Niliitazama tarehe ile mpaka macho yakauma. Ni wiki ile tuliyokimbia mara hii. Siku hiyo Luhanda hapakuwa na mtu wala kuku, mabati ya posta yalikuwa yamekwisha kung'olewa, lakini kwa maneno ya kashe yetu gishe ilikuwa wazi na mtu alikuwa ametuma barua. Bahasha yenyewe ilikuwa tupu. Anayeiuza amesema hivyo wazi, kwamba haijawahi kutumika, kama sifa.

Nilimpigia Justin simu. Niliuliza nani anapiga.

"Mama, si unajua," alisema. "Mbuzi inakulaka pale inafungwa."

Nilimwambia sikuuliza nani anakula. Mkubwa anakula, hilo najua. Nimeuliza nani anapiga, kwa sababu duara limeinama kidogo kushoto, na duniani watu walioinamisha duara namna hiyo walikuwa watatu, mmoja nilimzika na mwingine ni mimi.

Nilisikia magari ya mjini nyuma yake.

"Bananituma, Mama," alisema. "Niko na batoto."

Ana watoto, ni kweli, nimewabeba mgongoni. Sikumtukana. Nilimwambia nitaandika na jina lake nitaliweka, naye akasema weka. Papa Bauma alipanda hadi Luhanda katikati ya bunduki ili kashe isiseme uongo juu ya barua ya mama mmoja. Hao wa mjini hawakuinuka hata kwenye kiti, na uongo wao ni msafi kuliko ukweli wetu, hauna hata tone la mvua. Na uzuri wake wote umetoka kwenye vidole viwili vilivyovunjwa. Nina uchungu, wadogo zangu, na sitafuti neno lingine.

Justin, ufunguo wanakupa wewe kila wanapokutuma. Usiniletee kashe, sina pa kuiweka, na hapa tunapolala mvua inaingia. Tafuta tupa. Tarehe ziache, tarehe ni za watu wote. Anza na herufi ya kwanza ya Luhanda, sugua polepole, mkono ushuke kwa uzito wake, kama nilivyokufundisha.